Mwaka wa Samaki wa Manjano

Tulipomaliza kumzika Dada Modesta tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa kule Lewisham, tukala pilau kwenye sahani za karatasi, kisha wanawake tukaingia jikoni kuosha masufuria, ingawa palikuwa na mashine ya kuoshea vyombo ambayo hakuna aliyeiamini. Pendo, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye sinki. Ana miaka thelathini sasa, mrefu kuliko mama yake, na siku hiyo alifanya kila kitu haraka haraka ili asipate nafasi ya kulia. Alikunja mikono ya gauni lake jeusi hadi juu ya viwiko, nami nikaliona kovu. Linaanzia kwenye kiganja cha mkono wa kushoto na kupanda hadi karibu na kiwiko, ngozi yake imejikunja kidogo na inang'aa kuliko ngozi nyingine. Nimeliona mara nyingi maishani mwangu na kila mara nimetazama pembeni. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, ila hawakusema lolote kuhusu yule aliyelisababisha. Basi naongeza mimi: huyo naye hajapoa.

"Mamdogo," Pendo aliniambia bila kugeuka, "that fish man, alikuwepo kweli? Au ni hadithi tu?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo. Nikasema alikuwepo, alikuwa akikaa Stanmore, amefariki siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua leo. "Nitakuambia watu wakipungua," alijibu kwa Kiingereza, akarudi kusugua ukoko wa pilau. Nimebakiza miaka michache kufika hamsini, nina nyumba yangu, nina pasipoti mbili kabatini, na bado hofu ile ya mwaka ule iliniingia yote kwa mkupuo, kana kwamba ilikuwa imekaa nje ya mlango wa jiko ikisubiri kuitwa jina.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiishi na Dada Modesta kwenye chumba kimoja na jiko huko Kilburn, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo. Chuo nilichokuja kusomea kilifungwa miezi michache baada ya mimi kufika. Asubuhi moja tulikuta kufuli mlangoni na karatasi imebandikwa, na viza yangu ilikuwa imefungamana na jina la chuo hicho. Nikawa mtu anayesubiri barua kutoka uhamiaji. Dada hakuwa na tatizo la vibali. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ila mkataba wake wa chumba ulisema mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Kwa hiyo mimi sikuwepo. Viatu vyangu vililala chini ya kitanda, mswaki wangu ulikaa ndani ya begi badala ya kwenye kikombe pamoja na miswaki yao, na mlango ukigongwa niliingia jikoni na kusimama nyuma ya jokofu. Pendo, aliyekuwa na miaka minne, alidhani ule ni mchezo. Mara nyingine alikuja kunifuata nyuma ya jokofu, akaweka kidole mdomoni na kunong'ona, "Shh, Mamdogo."

Hofu ya Dada ilikuwa tofauti na yangu, na kubwa zaidi. Yeye aliwaogopa watu wa social, wale wa kaunsili wanaoangalia kama watoto wanatunzwa vizuri. Jumapili baada ya ibada wenzake walikuja kula ugali na samaki wa kukaanga, wakakaa kitandani kwa kukosa viti, na hadithi zilikuwa hizo tu. Nakumbuka sauti ya Mama Joshua, mwanamke mnene mwenye kicheko kizuri, akisema bila kucheka hata kidogo: "Walikuja wawili, na makoti yao, wanatabasamu. Wale wanaotabasamu ndio wabaya. Mtoto kasema shuleni kapigwa na mwiko, basi. Kesho yake hayupo." Mwingine akaitikia, "Na ukilia wanaandika kwamba akili yako haijatulia." Dada Modesta alirudisha tonge lake sahanini. Wageni walipoondoka aliniambia, akimfunga Pendo vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa tayari vimefungwa, "Mdogo wangu, hapa mtoto si wako. Ni wa serikali, wewe umekodishiwa tu." Basi Pendo hakuruhusiwa kukimbia ndani, wala kulia kwa sauti, wala kwenda shule ya chekechea akiwa na mkwaruzo. Alipoanguka bustanini na kuchubuka goti, Dada alimbakiza nyumbani siku nne.

Mzee Jayanti nilikutana naye dukani, kwenye barabara kubwa ya Kilburn, mahali wanapouza mihogo, ndizi na nazi. Alikuwa Mhindi mwembamba mwenye koti la sufu na mikono inayotetemeka. Alishika nazi moja baada ya nyingine, akizigonga na kuzirudisha, huku akijisemea kwa Kiswahili safi kabisa: "Hii kubwa mno. Samaki wangu atapotea humu." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka mbele ya mtu nisiyemjua kwa miezi, nikashtuka mwenyewe.

"Unacheka nini, binti? Mtu wa wapi wewe?"

"Kigoma, mzee."

"Kigoma! Mimi Tabora. Treni moja hiyo." Akanipa nazi tatu ndogo. "Nanunua mimi. Nyama mle nyie, vifuu nirudishieni. Lakini msivipasue hovyo, kateni katikati kwa msumeno."

Wiki iliyofuata nilimpelekea vifuu vyake sita Stanmore. Kutoka Kilburn ni treni moja tu hadi mwisho wa reli, na nilisafiri nimebana mkoba kifuani kila mara mtu mwenye sare alipopanda. Mzee alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia siku tatu kwa wiki, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kumwaga maji kuliko kuyabeba, nami nikawa huyo mtu. Siku ambazo Dada alikuwa kazini nilimchukua Pendo twende wote.

Samaki wake walikaa kwenye kibanda kilichokuwa gereji, ubavuni mwa nyumba. Ukifungua mlango unapokewa na joto na harufu ya majani yaliyolowa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Uingereza mabega yangu yalishuka. Palikuwa na matangi ya vioo kumi na manne, yenye maji ya rangi ya chai. Maji ya bomba ya London ni mazito kwa chokaa, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, na samaki wale walitoka kwenye vijito vya msituni Peru ambako maji ni laini kama ya mvua. Basi Mzee alikinga mvua kwenye mapipa, na London mvua haikumnyima. Kisha akaloweka humo majani makavu ya mti wa mkungu, aliyotumiwa na mpwa wake kutoka Dar es Salaam. Ndani ya kila tangi aliweka kifuu kilichofunikwa chini, kimetobolewa kijimlango upande mmoja. Hiyo ndiyo nyumba ya kuzalia.

Samaki wenyewe ni wadogo, wafugaji huwaita apisto. Dume hakuzidi kidole changu cha kati, ubavu wake wa samawati, mashavu yenye michirizi ya kijani, mkia uliotiwa nyekundu pembeni. Jike ni nusu yake, wa kijivu, humwoni. Lakini akitaga hugeuka manjano kama ndimu iliyoiva, na mabaka meusi usoni, na dume yule mwenye mikogo yote hukimbizwa hadi kona ya tangi asithubutu kusogea. Pendo alimpenda jike tangu siku ya kwanza. "Mama amekasirika," alisema kwa Kiingereza, pua yake imegusa kioo. Mzee akamwambia, "Hajakasirika. Ana kazi."

Mle ndani tulivaa soksi. Hatukukimbia, hatukuangusha kifuniko, hatukuvaa nguo zenye rangi kali. Wengi wa samaki wanaouzwa madukani huzaliwa kwenye kioo, lakini hawa walikuwa wa mwituni, wamenaswa kwa kimia na kupitishwa viwanja vitatu vya ndege ndani ya mifuko ya plastiki. "Wanaogopa kila kitu," Mzee alisema, "na wana haki." Aina ile alikuwa ameihangaikia miaka mitatu bila kupata kifaranga hata mmoja. Jike alitaga, kisha mlango ukabamizwa nyumba ya jirani, na asubuhi mayai hayapo. Nilimuuliza yamekwenda wapi.

"Kayala."

"Mama mwenyewe?"

"Mama mwenyewe. Akiogopa kupita kiasi huwala wanawe. Anaona heri warudi tumboni kuliko kumwachia adui." Alisema hivyo huku akifuta kioo kwa upole, na mimi nikajikuta namtazama Pendo.

Mwezi wa tano jike akataga tena, mayai mekundu kama chembe za ulezi, juu kwenye dari la kifuu. Wiki hiyo hiyo Mzee akapasuliwa jicho. Akakatazwa kuinama na kushika maji, akalazwa chumbani kwake juu na bandeji usoni, na samaki wakabaki mikononi mwangu. Sijawahi kukabidhiwa kitu kwa hofu kama ile. Mayai yakaangua, viluwiluwi vikakaa chini vikitikisika siku kadhaa, na asubuhi moja nikakuta wanaogelea: wingu la vifaranga wadogo kama nukta, na mama wa manjano katikati yao. Niliwatotolea uduvi wadogo wa maji ya chumvi kwenye chupa, nikawadondoshea kwa mrija. Mama akitikisa mapezi mara moja, wote huanguka chini na kutulia. Akitikisa tena, wote huinuka. Nilikaa mbele ya tangi lile saa nyingi, nimesahau barua, nimesahau uhamiaji.

Jioni yake, kabla ya kuzima taa, niliinuka kuchukua ndoo na kivuli changu kikapita juu ya kioo. Mama akageuka. Akamkaribia kifaranga mmoja, akafungua mdomo, akamchukua. Kisha mwingine. Kisha watatu kwa pamoja, mashavu yakamvimba. Nilijiambia nimemtisha, anawala, miaka mitatu ya mzee wa watu inaishia kwenye koo la samaki kwa sababu ya kivuli changu. Nikachukua kimia, nikamtoa, nikamweka kwenye tangi lingine. Kufumba na kufumbua wingu lile likasambaratika. Wengine walipanda juu, wengine wakazunguka wakitafuta. Dume akatoka kwenye kona yake. Nilipotambua kinachotokea nikamrudisha mama, lakini alikuwa ameshapoteza manjano yake, wa kijivu kama zamani, na hakuwatambua. Wakawala wote, yeye na mumewe.

Nilipanda ngazi nikilia kumwambia Mzee. Alisikiliza hadi mwisho, jicho moja limefungwa, lingine likitazama dari.

"Alikuwa anatafuna?"

"Alikuwa anawatia mdomoni."

"Sikuulizi mdomoni. Taya lilitafuna?"

"Sikuona."

"Aliwapeleka wapi?"

"Nilimtoa kabla hajaenda popote."

Chini nilisikia mkewe, Bi Kokila, akisukuma chapati. "Alikuwa anawahamisha, binti," akasema. "Akihisi hatari huwabeba mdomoni akawatema mahali pengine penye usalama. Anayetazama huona kama anawala." Nikaomba radhi, nikasema sitakuja tena. Akainua mkono wake unaotetemeka. "Kosa hilo nililifanya mimi kabla yako, kwa samaki wa aina nyingine. Unadhani nimejuaje cha kukuuliza? Njoo Jumatano. Tutavaa soksi, tutaanza upya."

Hadi Novemba tulikuwa tumepata jike mwingine aliyekaribia kutaga, na Mzee akataka maji meusi zaidi. Alitaka majani ya mkungu yachemshwe. Hapo palikuwa na kikwazo: Bi Kokila hali nyama wala samaki, na hakuna kitu cha kibanda kile kilichoruhusiwa kuvuka kizingiti cha jiko lake, hata jani. Nikasema nitachemsha Kilburn. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Dada yuko kazini. Nilichemsha kwenye sufuria lake kubwa la ugali wa wageni, na majani yalipotoa rangi nikalitoa jikoni, nikalipeleka chini ya dirisha lipate upepo, nikaliweka sakafuni. Nataka nieleze hilo vizuri kwa sababu baadaye watu wa huku hawakuelewa kabisa. Kwetu sufuria likiepuliwa huwekwa chini. Mama yangu aliliweka chini, bibi yangu aliliweka chini. Watoto wa kwetu hukua wakijua kwamba chini kuna moto, kuna sufuria, kuna kisu, na hutembea kwa adabu. Pendo alikulia kwenye zulia.

Alikuwa amevaa sweta lake la manjano. Alikuwa akicheza mama samaki, kama nilivyomhadithia: anabeba soksi za mwanasesere kwa meno, moja moja, kutoka kitandani kwenda chini ya meza, akitambaa kinyumenyume. Nilikuwa nimempa mgongo, nikitafuta chujio. Nilisikia mtikiso wa maji kwanza, kisha kelele. Mkono wake ulikuwa umeingia hadi karibu na kiwiko.

Na sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote, hata kwa padri. Kabla ya kumpeleka kwenye bomba, kabla ya kumvua sweta, nilimziba mdomo. Nilimziba kwa kiganja changu chote, nikasema "Shh, Pendo, shh," kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba na mimi sikuwepo. Macho yake yalinitazama juu ya mkono wangu. Sijui ni sekunde ngapi. Kisha nikambeba hadi sinki na kumfungulia maji ya baridi, na kwa muda mrefu maji yalitiririka yakiwa na rangi ya chai.

Dada aliporudi hakupiga kelele. Alikaa kitandani akampakata, akafunua kitambaa, akakifunika. Nilisema twende hospitali, akasema hapana. "Watauliza alikuwa na nani. Nikisema na wewe, wewe ni nani? Nikisema peke yake, wanamchukua leo leo." Alimpaka asali, akampa dawa ya maumivu ya maji, akamwimbia. Jumapili hatukwenda kanisani. Mama Joshua alipokuja kugonga, sote watatu tulisimama nyuma ya jokofu, Pendo kifuani kwa mama yake, hakuna aliyehema. Jumatatu malengelenge yalikuwa yamepasuka na mkono umevimba hadi vidole, na paji la uso la mtoto lilikuwa kaa la moto. Dada alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea mlango kwa mgongo, kana kwamba wale wenye makoti walikuwa tayari ngazini. Alikuwa hajalala siku mbili. Uso wake sikuutambua.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikasema, "Dada, samaki akiogopa kupita kiasi huwala wanawe mwenyewe."

Alinizaba kofi. Moja tu, la nguvu, sikio likalia. Kisha akainuka, akavaa koti, akamfunga Pendo kwenye blanketi. Mlangoni aligeuka, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Kusanya vitu vyako vyote. Vyote, hata unywele kwenye kitana. Nikirudi nisikukute hapa." Nikasikia hatua zake zikishuka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hazikuwa zikinyata.

Nilikwenda Stanmore kwa sababu sikuwa na pengine. Bi Kokila alifungua, akatazama begi, akatazama shavu langu, akaniwekea sahani mezani bila kuuliza. Nilipewa chumba kidogo juu ya kibanda, ambako usiku na mchana nilisikia pampu za hewa zikikoroma. Hofu ya siku zile siwezi kuieleza ikatosha. Kila simu ikilia niliomba isiwe yangu, isipolia niliomba ilie. Siku ya tatu Dada alipiga. Hakuniuliza hali. "Wamemfunga dawa. Watu wa social wamekuja," alisema. "Hawajamchukua." Akakata. Walimtembelea majira yote ya baridi, kila Alhamisi, wakitabasamu. Wiki zote hizo alipiga simu mara moja kwa wiki, kila Alhamisi baada ya wao kuondoka, kwa neno lile lile moja: hawajamchukua. Mimi Alhamisi sikula.

Jike alitaga wiki ile niliyohamia. Nilikuwa nazijua sasa dalili zote. Vifaranga walipoanza kuogelea niliketi mbele ya kioo na Mzee kando yangu, na jioni ilipofika mama wa manjano akafungua mdomo. Nilikalia mikono yangu. Nasema kweli, niliiweka chini ya mapaja na kuikalia. Aliwachukua mmoja mmoja, mashavu yakavimba, akapotea nyuma ya mzizi, na sisi wawili tukangoja bila kupumua. Akarudi mdomo ukiwa mtupu. Akachukua wengine. Mzee alilia kwa jicho lake zima na kwa lile lililopasuliwa. Arobaini na mmoja walikua, na hadi Pasaka madume walikuwa wameanza kupata wekundu wa mkia.

Pasaka hiyo hiyo Dada aliniambia wamelifunga faili, hawatakuja tena. Mambo yangu ya uhamiaji nayo yalinyooka baadaye, kwa njia ndefu isiyo na hadithi. Dada alihamia Lewisham. Tulipokutana kanisani alinirekebishia kola na kuniuliza kama nimekula, na hakulitaja lile jambo tena, wala mimi. Miaka yote hiyo tulitembeleana, tulisaidiana, tulizikiana watu. Lakini kati yetu lilikaa lile neno la mlangoni: nisikukute hapa. Nilijua nimelistahili. Nilimuunguza mtoto wake, nikamtukana kwa samaki, akanitupa nje. Hata alipokuwa anakufa, nikimlowesha midomo kwa pamba, nilitaka kumwomba msamaha nikaogopa jibu.

Watu walipungua. Mama Joshua, mzee sasa, alituaga akaenda ukumbini kupumzisha miguu yake. Tulibaki wawili jikoni, na sufuria moja la chai lililokuwa bado linachemka kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakikunja viti. Pendo alifuta mikono akatoa simu yake.

"Niliomba faili langu," alisema. Sasa alikuwa anachanganya lugha kama afanyavyo akiwa na jambo zito. "La social. Ukiwa mtu mzima wanakupa. Nilitaka nimuulize Mama, then she got so ill." Akanisomea, akinifasiria polepole kana kwamba mimi ndiye sijui Kiingereza. Mama anasema alikuwa peke yake na mtoto. Mama anasema alichemsha maji akaliweka sufuria sakafuni mwenyewe, na ndiye aliyechelewa kumleta. Nyumba imekaguliwa: hakuna mtu mzima mwingine anayeishi hapa. Mtoto anasimulia kuhusu mzee mwenye samaki. Mama anasema ni hadithi ya kulalia.

Nilishika ukingo wa sinki. Hata unywele kwenye kitana, aliniambia. Mwanamke ambaye hofu yake moja duniani ilikuwa kunyang'anywa mtoto alikwenda mbele ya wale wenye makoti, akawapa kosa zima, peke yake, mkononi. Na kabla ya kwenda alihakikisha nimehamishwa.

"Nilikuwepo," nikasema. "Pendo, mimi ndiye niliyeliweka sufuria chini. Na ulipolia nilikuziba mdomo."

Alinitazama kwa macho yale yale.

"Mamdogo, I was four, sikuwa kipofu," alisema. "Najua. Siku zote najua. Mama aliniambia kwenye basi, tukienda hospitali. Alisema, ukimtaja Mamdogo, watamchukua Mamdogo." "Sikukutaja. Walinipa biskuti na penseli za rangi na sikukutaja. Nikachora samaki tu."

Nililia hapo kama ambavyo sikulia makaburini. Alinishika bega kwa mkono wenye kovu, akaniacha nilie, mpaka chai ikaanza kufurika jikoni. Nikaruka kuizima. Nikaliepua sufuria kwa vitambaa viwili, zito, mvuke ukinijaa usoni, nikainama nalo kama nilivyofundishwa.

"Mezani, Mamdogo," akasema Pendo. "Weka mezani."